Chapati ya Tatu

Kabla hajateremka kwenye duara, Fundi wa Matimba alikuwa anagonga. Aligonga kwa kitako cha shoka, gogo moja baada ya jingine, kichwa amekilaza upande kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani. Kazi yake ilikuwa kusimamisha yale magogo yanayozuia udongo usiwafukie wachimbaji chini ya shimo. Shimo lenyewe kule tuliliita duara, na magogo tuliyaita matimba. Alisema gogo zima lina sauti yake na lililoanza kuoza lina yake. Mimi nilisimama mbali na sufuria zangu na sikuwahi kusikia tofauti. Akifika kwenye gogo lisilompendeza alisema tu, "Huyu mtoe," utadhani ni mlevi aliyeingia kwenye kikao, na vijana wakalitoa.

Nilimfahamu miaka yote niliyopika kwenye machimbo ya upande wa Kemambo, wakati dhahabu ilipowatoa watu mashambani na kuwajaza vilimani. Jina lake nalijua. Kule hakuna aliyelitumia, na mimi sitalitumia hapa maana sijamwomba ruhusa. Kwao ni Busawe. Mambo ya ukoo wake sikuuliza, na alikuwa mtu ambaye ukimuuliza sana anakumbuka ghafla kwamba ana kazi.

Asubuhi nilikuwa nauza chapati na maandazi, mchana ugali na maharage au dagaa. Kwa miaka yote hiyo Fundi hakununua chapati yangu hata moja. Alikuja na viazi vya kuchemsha vilivyofungwa kwenye kitambaa, akaomba chai, akakaa kwenye jiwe lake peke yake. Mchana alikula ugali wangu. Ugali aliupenda, hasa wa mtama na muhogo, ule mweusi. Alikuwa na sahani yake na kijiko chake, na alipomaliza aliviosha mwenyewe na kuondoka navyo. Wengine waliona ni maringo. Mimi pia niliona ni maringo, kwa muda.

Siku moja nilimuuliza.

"Mzee, chapati zangu zina kosa gani?"

"Hazina kosa, mwanangu. Kosa ninalo mimi."

Akaniambia. Tangu ujana tumbo lilikuwa linajaa upepo kama ngoma, anaharisha, anakonda, mdomoni vidonda. Alipewa dawa za minyoo. Alipewa za homa ya matumbo. Alichemshiwa mizizi ambayo, alisema, ilikuwa michungu kiasi cha kumfanya atamani ule ugonjwa. Hakuna kilichosaidia. Mwishowe akafanya kama anavyofanya kwenye duara.

"Duara likitikisika huwezi kung'oa matimba yote kwa mpigo, litakuangukia. Unagonga moja moja."

Basi akaacha maziwa mwezi mzima, hakuona kitu. Akarudia maziwa, akaacha samaki. Hakuna. Akaacha maharage, akalia maana maharage anayapenda. Hakuna. Kisha akaenda porini kukata magogo, akakaa huko muda mrefu akila viazi, mihogo na nyama ya kukausha, akanenepa mpaka mkanda wa suruali ukamkataa. Alipotoka, kituo cha kwanza alinunua mkate kwa kuutamani tu. Hakufika nyumbani siku hiyo.

"Nikasema, haa! Kumbe ni wewe!" Alisema hivyo akiinyooshea kidole chapati iliyokuwa kwenye beseni langu, nikacheka, na yeye akacheka.

Siwezi kusema nilimwamini. Nilimwamini pale alipokuwa anasimulia. Alipoondoka nikawaza: ngano? Chakula cha wageni, cha harusi, cha Krismasi? Nilijua watu wasioweza pilipili. Mtu asiyeweza ngano sikuwahi kumsikia, na mimi shule niliishia darasa la tano. Nani alikuwa wa kunieleza?

Mtu asiyekula ngano huku kwetu ana shida ambazo hazianzi tumboni. Aliwahi kualikwa harusi, na harusi za wakati ule mtu aliyejaliwa kidogo alitaka watu waone chapati na biskuti. Fundi alikaa na kipande cha nyama na chumvi. Baba wa bibi harusi akaja na kusimama mbele yake, watu wote wanatazama.

"Wewe, unadhani tumekutilia kitu?"

"Tata," Fundi akamjibu, yaani baba kwa lugha ya kwao, "ungenitilia sumu ningekula kwa heshima yako. Ngano tu ndiyo siwezi."

Waliosikia wanasema yule baba hakujua acheke au apige. Mimi sikuwepo, naandika nilivyosimuliwa.

Kanisani nako mkate wa meza ya Bwana ulipopita aliuacha ukapita, akanywa kikombe peke yake. Baada ya mara kadhaa wazee wa kanisa walimfuata kumuuliza ni dhambi gani anaificha. Aliwaambia, "Dhambi ninazo, lakini siyo hizo zinazonizuia." Jibu hilo halikumsaidia. Pombe ya mtama alikunywa vizuri kabisa, lakini bia ya chupa aliikataa hata akinunuliwa, akisema nayo inamkata. Hapo hata mimi nikasema sasa anazidisha. Bia ina ngano gani?

Sitaki kumfanya malaika. Alikuwa na hasira za karibu. Kijana akiweka gogo bichi anaweza kumtukana mpaka mama yake, na kesho yake anamgawia tumbaku bila kuomba radhi. Alicheka miiko ya wachimbaji, wale wanaokatazwa na waganga wasioge au wasile kuku ili dhahabu isikimbie. "Dhahabu haina pua," alisema, "itajuaje kama umeoga?" Lakini yeye huyo huyo hakuruhusu mwanamke akaribie mdomo wa duara. Nilisimama kwenye mstari wa mawe waliyoyapanga, na chakula wakakifuata hapo. Nilipomuuliza kama huo nao si mwiko, alisema huo ni utaratibu. Nilimtazama, akatazama pembeni. Hakuwa mtu wa kukubali ameshindwa.

Na alinitendea mema. Jiko langu lilikuwa la majani matupu, mvua ikaliangusha, akaja siku yake ya mapumziko akalisimamisha kwa magogo yaliyobaki kazini. Aliyagonga yote kwanza. Hakutaka kitu. Alikunywa chai akaondoka.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Duara walilokuwa wanalichimba akina Marwa lilikuwa kavu muda mrefu. Marwa ndiye alikuwa msimamizi wao, kijana mwenye mdomo, mtu wa kucheka kwa sauti na kuita kila mwanamke shemeji. Walikata tamaa, wakamleta Fundi wa Matimba awasimamishie upya sehemu iliyokuwa inamong'onyoka ili waendelee mbele. Akafanya. Wiki haikuisha duara likatema, na dhahabu ikaonekana kwa macho kwenye jiwe, hata kabla ya kusaga.

Watu walitafuta sababu. Dhahabu ikipatikana machimboni hakuna anayesema ni bahati. Lazima kuna mtu amefanya kitu au ameacha kitu. Wakamtazama mtu mpya aliyeingia kwenye duara, wakauliza ana nini. Ana sahani yake mwenyewe. Hali na watu. Hali ngano.

Asubuhi iliyofuata Marwa akaja jikoni na wenzake.

"Shemeji, leo tupe chai tupu."

"Na chapati?"

"Achana na chapati. Unataka dhahabu itukimbie?"

Nilidhani ni utani wake. Wenzake hawakucheka. Mmoja aliyekuwa ameshaishika chapati aliirudisha kwenye beseni taratibu, na kujipangusa vidole kwenye suruali. Kufika siku ya tatu maduara ya jirani yalikuwa yameacha. Kufika wiki, wanaume wenye njaa walinipita asubuhi wakitafuna mihogo mibichi, na maandazi yangu yakawa magumu kama kokoto nikawapa kuku. Nilikuwa na watoto nyumbani na mume hakuwepo. Nasema hili ili lijulikane. Halinitetei, maana ningeweza kuanza kuchemsha viazi nikauza, kama wengine walivyofanya baadaye. Sikufikiri. Nilichofikiri ni kwamba yule mzee ameniharibia.

Nikamfuata.

"Mzee, waambie ukweli. Si mwiko, au ni mwiko?"

"Ni tumbo, mwanangu. Nimekwambia."

"Basi waambie wao."

Akawaambia. Alisimama mbele yao wakati wa chai. "Sikilizeni. Mimi nikila ngano naharisha. Basi. Hakuna mganga hapo."

Walimsikiliza kwa adabu sana. Kisha Marwa akasema, "Tata, tumeelewa."

"Umeelewa nini?"

"Tumeelewa kwamba huruhusiwi kusema."

Wote wakacheka, naye akawatukana, na kutukana kwake kukawathibitishia. Ndipo mimi nikasema. Najua kabisa ni mimi niliyesema, hakuna mwingine.

"Basi kula moja, wakuone."

Akaitazama chapati. Akanitazama mimi, na lile jiko alilonijengea.

"Moja?"

"Moja tu, mzee."

Akaila amesimama. Alitafuna taratibu akameza, akafungua mdomo kuwaonyesha kama mtoto anavyomwonyesha mama kwamba dawa imeshuka. Nikajua yamekwisha. Lakini Marwa akatikisa kichwa.

"Moja ni ya kuzuga. Mganga anaweza kumsamehe moja. Tuone kesho."

Kesho yake Fundi alikuja bila kitambaa cha viazi. Sikumwomba siku hiyo, lakini nilikuwa nimeshamwekea kwenye sahani. Akala. Watu watatu wakanunua baada yake. Nilipomaliza kuwahudumia nikachukua ndoo kwenda kijitoni, na nyuma ya vichaka nikamwona. Alikuwa ameshika mti kwa mikono miwili, mgongo umejikunja, ametapika mbele yake, na suruali ilikuwa imelowa. Alikuwa anatetemeka kama mtu mwenye baridi, na jua lilikuwa kali. Hakuniona, maana alinipa mgongo. Nilirudi na ndoo tupu.

Kwa hiyo siku ya tatu nilijua.

Alikuja midomo imepauka. Beseni lilikuwa limejaa, wanaume wamesimama wanamngoja. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema: mzee, inatosha. Niliyasema moyoni. Mkono wangu ukaingia kwenye beseni ukatafuta chapati ndogo kuliko zote, nikampa hiyo. Kwa miaka mingi nilijitetea kwa udogo wa ile chapati.

Alipomaliza, Marwa akapiga makofi. "Haya, shemeji, nipe mbili!" Wakaninunulia beseni zima.

Fundi hakuonekana kazini siku iliyofuata, wala wiki ile, wala iliyofuata. Alilala kwenye kibanda chake, na walioenda kumwona walisema mkewe amekuja kumuuguza, na yeye amebaki mifupa. Nilimtuma kijana ampelekee uji wa ulezi, na watu wakanisifu kwa moyo wangu mwema. Ninalo bado daftari nililokuwa naandika wakati ule. Siku ile nimeandika hivi: Fundi anaumwa, malaria. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa analisoma daftari lile. Sijui nilikuwa namdanganya nani.

Alirudi amevaa suruali ileile, ameifunga kwa kamba. Alikuja na viazi vyake asubuhi, akala ugali wangu mchana, akaniita mwanangu kama zamani. Nilingoja anilaumu ili nipate kumwomba radhi. Hakunilaumu, nami nikaona kama kumwomba radhi ni kumwambia jambo asilolijua. Hivyo ndivyo nilivyojieleza. Kisha maduara yale yakafungwa, sote tukatawanyika, na nikampoteza.

Miaka imepita mingi. Mimi sasa nina kibanda Mugumu, karibu na stendi, na bado ni chapati. Mwezi uliopita mzee mmoja akaingia, akakaa meza ya pembeni, akaomba chai. Sauti ile. Nilipotoka nyuma ya jiko alikuwa ameshanitambua.

"Mwanangu! Kumbe uko huku?"

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Umenenepa!"

Yeye naye alikuwa amenawiri kidogo, ingawa kazeeka. Alitoka Mwanza, kwenye hospitali kubwa, anangoja gari la Busawe. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Walimpima damu, wakamwingiza mpira wenye kamera kooni, kisha daktari akamwambia ugonjwa wake una jina. Unaitwa seliaki. Akaitoa karatasi mfukoni akanisomea, kidole kikifuata mstari: asile ngano, asile shayiri, mpaka anakufa.

"Na shayiri ndiyo ya bia ya chupa," alisema. "Unaona? Walinicheka. Nilimwambia daktari nilivyoacha vyakula kimoja kimoja, akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia kwenye matimba."

Nikamwambia angoje nimsongee ugali wa mtama, sufuria safi, haraka tu. Akakataa kwa mkono.

"Usisumbuke. Nina mihogo yangu hapa." Akafungua mfuko. "Daktari amesema hata vumbi lake ni vilevile. Kibao, upawa, hata mkono wa anayepika. Ndiyo maana hata ule ugali wako kule, siku nyingine ulikuwa unanilaza. Mimi nikawa nalaumu maji ya kijito." Akacheka.

Hakusema kwa ubaya. Nina hakika, nimelifikiria sana. Alikuwa anasimulia tu, kama mtu aliyepata jibu la hesabu. Lakini mimi nilitazama mikono yangu, imejaa unga mpaka kwenye viwiko, nikakumbuka kibao nilichosukumia chapati asubuhi na kukipangusa tu kabla ya kukatia mboga mchana. Kila siku. Nilikuwa nimebeba chapati moja ndogo miaka yote hiyo, na kumbe ni sahani zote. Hizo za ugali sikujua, na mtu wa haki atanisamehe. Ile moja nilijua. Nikaona nisipoisema leo sitaisema tena.

"Tata, nikwambie kitu. Siku ya tatu nilikuwa najua."

"Siku ya tatu ipi?"

"Ya chapati. Nilikuona jana yake kule vichakani. Nilirudi nikanyamaza, na asubuhi nikakupa nyingine."

Akaacha kutafuna. Nje konda wa gari la Busawe alikuwa anapiga ubavu wa gari kwa kiganja.

"Ulikuwa unajua," alisema.

"Nilikuwa najua. Nisamehe, tata."

Alikaa akiutazama muhogo aliouuma. Uso wake haukuwa na hasira, na hasira zake nazifahamu.

"Mke wangu hakupendi," akasema. "Aliniuguza ile mara, wewe hukumwona. Tukikutaja mpaka leo anasema yule mwanamke alitaka kuniua kwa ajili ya beseni lake. Na mimi namwambia hapana, yule mtoto hakujua. Angejua asingenipa. Miaka yote nimemwambia hivyo. Tumegombana kwa ajili yako, unajua?"

Nilianza kujipangusa unga kwenye kanga.

"Sasa nikifika nyumbani nitamwambia nini?"

Alikuwa ananiuliza kweli. Alingoja jibu. Konda aliita tena, naye akafunga mihogo kwenye mfuko, akaikunja karatasi ya daktari mara nne akaitia mfuko wa shati. Chai aliinywa yote, hakuiacha. Mlangoni akageuka.

"Haya, mama," akasema. "Biashara njema."

Ni maneno mazuri. Kila msafiri huyasema anapotoka kwenye kibanda changu, na huniita mama.